Matundu ya Juu ya Ukuta

4 Januari

Mdogo wangu Barafu,

Mimi mzima, ila nimechemka. Wewe sikuulizi hali, maana mtu anayekula mshahara kwa kufunga viyoyozi hana la kunieleza kuhusu joto.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unazijua simu zetu. Tukishasalimiana tunagombana, tukishagombana unasema mtandao unasumbua. Barua haikatiki, tena huwezi kunijibu kabla sijamaliza.

Jengo la mama linanishinda. Jengo nasema kwa heshima tu, ni vyumba vinne vya biashara chini ya bati moja, na jua likishapanda vinageuka tanuri. Kinyozi ameondoka. Hatukugombana. Alisema wateja wake wanatoka jasho hadi wembe unateleza, na yeye hataki kesi. Tumebaki Mama Pacha na saluni yake, Daktari na duka lake la dawa, na mimi na vyerehani vyangu. Juzi Daktari amekuja na kipimajoto, akakishika mbele ya macho yangu kama askari anayekuonyesha kosa lako. Anasema dawa hazitakiwi kukaa kwenye joto lile, na hali ikiendelea hivi msimu mzima, atahama. Daktari akihama, mdogo wangu, saluni peke yake haiwezi kulibeba jengo, na mimi itabidi nikashonee barazani kwa watu.

Najua utakachosema. Utasema tuuze, kama ulivyosema mwaka jana na mwaka juzi. Hati ina jina langu na lako, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuza bila mwenzake. Ninachoomba ni msimu huu mmoja tu. Nipe mpaka mvua zianze. Kiyoyozi sitaki. Hata ukiniletea cha bure, umeme wake utanila mifupa. Nataka akili yako. Wewe unajua joto linaingilia wapi na linatokea wapi. Niambie nifanye nini kwa vitu ambavyo mtu kama mimi anavipata: rangi, mbao, nyundo, na vitambaa, maana vitambaa ninavyo hadi vinanikera.

Halafu mbona huji nyumbani siku hizi? Hao watu wa mashine hawakupi likizo?

Dada yako


15 Januari

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Unamwomba muuza baridi akufundishe jinsi ya kutoinunua. Bosi akiiona hii nimekwisha.

Haya, sikiliza. Anza na bati. Lile limeshika kutu, limekuwa jeusi, na jua lote linalolipiga linawashukia nyinyi. Lisugueni, mlipake rangi nyeupe ya bati, ya kawaida tu, mara mbili. Pandeni asubuhi kabla halijashika moto. Mkanyage penye misumari, ambapo chini yake pana mbao, si katikati ya bati. Nakusihi, dada, penye misumari. Na mtu afunge kamba kiunoni, hata kama mtachekwa.

Kisha friji la Daktari. Nalikumbuka, kalibana ukutani kama anaogopa litatoroka. Friji linatoa joto kwa mgongoni. Livutwe mbele, lifutwe vumbi huko nyuma, litakula umeme kidogo na chumba kitapata nafuu. Hiyo ni bure kabisa. Zile balbu za moto za Mama Pacha pembeni ya kioo nazo zina kazi ya kuwapika wateja. Abadilishe moja moja kila akipata nafasi.

Hewa ndiyo ngumu. Kabla hujatoboa wala kujenga chochote, chukua uzi wako mwepesi kuliko wote, uuning'inize mlangoni, dirishani, juu karibu na dari, chini karibu na sakafu. Angalia unapepea kuelekea wapi. Sisi kazini tunatumia moshi, wewe uzi utakutosha. Ukijua upepo unaingilia wapi, nusu ya kazi imeisha.

Msimu nimekupa. Neno kuuza hulisikii kwangu mpaka mvua zianze.

Nyumbani nitakuja kazi ikipungua. Sasa hivi kutwa niko juu ya mapaa ya watu, hata chakula nakula nimesimama.

Mdogo wako,
Barafu


9 Februari

Barafu, Barafu, Barafu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Bati ni jeupe pee. Tumelipaka mimi, Mama Pacha na fundi mwashi, yule mwembamba aliyejenga choo cha uani. Nilifunga kamba kiunoni kama ulivyosema, na kweli nimechekwa mtaa mzima, mwenye duka la vifaa vya shule hapo ng'ambo akauliza kama napelekwa malishoni. Nilikanyaga penye misumari. Daktari alikataa kupanda, akasema yeye ni mtu wa kaunta, lakini friji kalivuta mwenyewe. Vumbi alilolitoa mgongoni mwake lingetosha kupanda mchicha.

Sasa uzi. Siku nzima nimepita na uzi mkononi, watu wakidhani nimerogwa. Chumbani kwangu, hakuna kitu. Kwa Daktari, hakuna kitu. Saluni, uzi umelala kama mgonjwa. Nikaingia kile chumba cha kinyozi cha mwisho, kule upande wa mti wa jirani. Unajua nilichokikuta? Dirisha! Kinyozi alikuwa kaliziba kwa kile kioo chake kikubwa, miaka yote hiyo, akakaa ndani analia joto huku upepo umesimama nyuma ya kioo unabisha hodi. Alipohama na kioo chake, dirisha likabaki. Nilipouinua uzi pale ulinyooka kabisa, ukaelekea ndani.

Nikawaza peke yangu, bila kukuuliza, ujue dada yako naye ana kichwa. Upepo unaingilia chumba cha mwisho, kivulini. Vyumba viko msururu: cha kinyozi, changu, cha Daktari, saluni. Kinachouzuia ni kuta za kati. Nikamwita mwashi, akatoboa matundu juu ya kila ukuta, karibu na dari, kisha akatoboa ukuta wa nje wa saluni, ili joto la mashine za Mama Pacha litoke moja kwa moja lisimsumbue mtu. Matofali yale yale yaliyotoka tumeyapanga kuwa benchi la wateja nje. Sikununua hata tofali.

Upepo unapita, mdogo wangu! Unaingia kwa kinyozi, unapita kichwani kwangu, unampitia Daktari, unatokea saluni. Daktari kaja tena na kipimajoto, safari hii hakukiinua, alikishika tu pembeni kama mtu aliyeshindwa kesi. Mama Pacha kanishangilia mpaka nikaona aibu.

Kasoro moja ndogo ni kwamba tunasikiana kidogo. Lakini hilo si neno.

Dada yako mwenye kichwa


20 Februari

Dada,

Hongera. Nasema kweli, hongera. Hilo dirisha mimi nisingelikumbuka.

Lakini umetoboa kuta za kati? Zote? Pakipita hewa panapita na maneno. Mnasikiana kiasi gani? Ukikaa kwenye cherehani yako unamsikia Daktari akiongea na mteja? Na akiongea na simu je?

Naomba uyazibe kwanza hayo matundu, hata kwa maboksi, mpaka tufikirie. Nijibu haraka.

Barafu


2 Machi

Barafu,

Ulitaka nikujibu haraka, nikachelewa makusudi. Nilitaka hasira ipungue. Haijapungua.

Nianze na ya kuchekesha, maana mimi sina roho mbaya kama ya watu wengine. Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja kwa Daktari, mtu wa heshima zake, akanong'ona anataka dawa ya mambo ya chumbani. Alinong'ona vizuri kabisa, lakini tundu lile halijui mnong'ono. Saluni nzima ikapashana habari kwa ishara. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele, masikio yake yamejaa ngurumo, hajui kwamba anapiga kelele, akasema, "Mwambieni apunguze kwanza hicho kitambi!" Mzee alitoka bila dawa na bila kofia. Daktari alikuja kwangu na ile kofia mkononi. Akasema mgonjwa akija kwake anakuja na siri zake, na siri za watu hazikai kwenye duka lenye masikio. Akaniambia, "Mama, ni ama matundu ama mimi."

Nikamwambia nitafikiri. Nikarudi kupiga pasi. Nikiwa hapo, simu yake ikalia. Sikutega sikio, Barafu, sikio lilikuwa palepale lilipo siku zote. Nikamsikia anasema, "Ndiyo, Barafu. Karatasi ziko tayari. Hizi kuta za kati nitaziangusha zote, liwe duka moja kubwa." Akasikiliza kidogo. Kisha akasema, "Hapana, dada yako hajui kitu."

Nimeunguza gauni la mteja. Nilisimama na pasi mkononi, nikaja kushtuliwa na harufu.

Uliniahidi msimu. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba neno kuuza silisikii kwako. Kumbe ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na huku umeshakula njama na mpangaji wangu. Mimi napanda juu ya bati nimefungwa kamba, nachekwa, ili jengo lenyewe lije liangushwe kuta! Niliyeshona sare za watoto wa watu hapo ndani ili wewe uende shule ya ufundi! Nilijua una haraka ya pesa. Sikujua kama unaweza kunificha. Imeniuma, sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Sahihi yangu utaipata. Sina nguvu ya kupigana na mtoto niliyemlea. Ila uniambie sababu, kwa mkono wako, bila kuzungukazunguka. Matundu sijayaziba wala siyazibi. Jengo likiuzwa, liuzwe likiwa na hewa.

Dada yako


4 Machi

Ndugu Barafu,

Natumaini barua hii inakufikia katika unafuu. Mimi si mwandishi, unajua hata udaktari ni wa jina la mtaani tu, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Dada yako amesikia. Ukuta una tundu, nami nilisahau kwamba tundu linapitisha pande zote mbili. Nilikuwa nimemlalamikia siri za wagonjwa wangu zinavuja, na nusu saa baadaye nikaivujisha yako mwenyewe. Sasa hasemi nami. Ananisalimia, lakini salamu yenyewe ni ya msibani.

Hajui habari ya mguu wako. Uliponipigia kuuliza dawa za maumivu nilikuahidi sitasema, na sijasema. Lakini sasa anaamini kwamba umemgeuka kwa tamaa, na mimi kila siku natazamwa kwa macho ya mtu aliyeonewa. Siwezi kuendelea hivi, ndugu yangu. Mwambie. Akijua umeumia atalia. Akibaki kuamini kwamba una tamaa, atakuwa hana tena ndugu.

Kuhusu kununua, nikuambie ukweli nisiotarajia kuusema. Nilitaka jengo kwa sababu ya joto. Nilipiga hesabu kwamba nikiwa mwenye mali nitaweka mashine, na dawa zangu zitapona. Sasa dawa zangu zimepona na mashine sina. Mtu mwenye chumba kizuri cha kupanga anatafuta nini kwenye kesi za mabati? Karatasi ziko kwenye droo, sijaweka sahihi. Mkitaka kuuza nyote wawili kwa moyo mmoja, nitanunua. Vinginevyo niacheni niwe mpangaji.

Lakini matundu haya lazima yapatiwe dawa. Jana mama mmoja aliniandikia jina la dawa kwenye kiganja chake ili asilitamke. Wagonjwa wakinikimbia nitahama hata kama hewa ni ya peponi. Hiyo ni kazi yako, wewe ndiye fundi wa hewa.

Wako,
Wa duka la dawa


14 Machi

Dada yangu,

Umesema bila kuzungukazunguka. Haya.

Nilianguka kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa juu ya paa la duka moja nafunga mashine, nikakanyaga katikati ya bati. Ndiyo maana nilikusihi vile kuhusu misumari. Mguu wa kulia umevunjika mahali pabaya, umeungwa kwa vyuma, na goti halikunjiki tena vizuri. Natembea kwa gongo. Kampuni walinishukuru sana kwa utumishi wangu, wakanipa na chai, wakachukua mtu mwingine. Ile barua niliyokuandikia kwamba kutwa niko juu ya mapaa, nilikuwa nimelala chali natazama dari, wifi yako ananishikia karatasi.

Sikukuambia kwa sababu nilikuona. Nilikuona vile ulivyokuwa unainama kwenye cherehani ile ya mkono ili nipate ada. Nilisema huyu dada ameshanibeba mara moja, hawezi kurudishiwa mzigo uleule ukiwa mtu mzima mwenye gongo. Nikapanga tuuze, nichukue fungu langu, nifungue duka la vipuri, nikae nyuma ya kaunta ambapo hakuna anayetazama miguu. Sikuwa na tamaa, dada. Nilikuwa na aibu. Na aibu hiyo imenifanya nikudanganye, jambo ambalo tamaa isingeweza. Nisamehe.

Karatasi za Daktari sijaweka sahihi. Wewe usiweke mpaka tumemaliza kuongea.

Sasa nikuandikie kitu ninachokijua. Usiyazibe matundu. Nimelala siku mbili nayawaza, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke nimesahau mguu.

Kwenye majengo makubwa tunakutana na tatizo hilihili, sauti kutembea ndani ya njia za hewa. Dawa yake ni kona na nguo. Kwenye kila tundu, pigilieni sanduku la mbao nyembamba kila upande wa ukuta. La upande mmoja lifunguke kwa chini, la upande wa pili lifunguke kwa juu. Hewa itaingilia chini, itakata kona, itapita tunduni, itakata kona tena na kutokea juu. Hewa haina ubishi, ikikuta kona inakunja. Sauti inakwenda mbele tu, inagonga ukuta wa sanduku. Kwa hiyo huo ukuta wa ndani uuvike nguo nene. Vipande vyako vinavyokukera, vishone tabaka juu ya tabaka kama godoro jembamba, uvipigilie humo. Maneno yatafika yamechoka, watasikia mvumo tu. Njia ya katikati iwe na upana wa kupitisha mkono wako bila kugusa. Usiibane.

Nimechora nyuma ya karatasi. Mchoro umepinda kwa sababu nimechorea tumboni.

Barafu


3 Aprili

Mdogo wangu,

Nililia kwanza, ili ujue. Nililia hadi Mama Pacha akaja mbio akidhani nimejidunga sindano. Halafu nikakasirika upya. Miezi yote hiyo umelala na vyuma mguuni, nami naandika barua za kutamba na bati langu! Wifi naye nitamwambia nikimwona. Mzigo, mzigo gani? Nani alikuambia nilikuwa nimebeba mzigo? Nilikuwa nasomesha ndugu yangu. Hayo ya aibu uyatupe huko, sitaki kuyasikia tena humu ndani, na sasa humu ndani mtu hasikii kitu, kwa hiyo hata ukiyasema ni kazi bure.

Masanduku yamefanya kazi! Lakini si kwa mara ya kwanza. Mwashi kapiga mbao vizuri, nami nikashona vile vigodoro. Mama Pacha akasema kama nguo inazuia umbea, basi nguo nyingi itauzuia zaidi, akasindilia vipande mpaka sanduku likawa mto wa kulalia. Kweli kabisa, maneno hayakupita. Na hewa nayo haikupita. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kutoka nje anajipepea kwa sahani. Nikamsomea barua yako, pale uliposema tusibane, akasema angejua barua ina masharti angesikiliza mwanzo.

Tumeyafungua, tumeyapunguza, mkono wangu unapita. Tukafanya majaribio. Daktari akakaa kaunta, Mama Pacha akaenda saluni na kumtukana kwa sauti yote aliyojaliwa. Akamtukana suruali, akamtukana kipara, akamtukana bei ya dawa ya kikohozi. Daktari akatoka akasema amesikia kama mtu anavuma wimbo wa kanisani. Mama Pacha akamwambia ndivyo hasa ilivyokuwa. Yule mzee wa kofia amerudi, sijui alitaka nini, na huo ndio uzuri wake, kwamba sijui.

Daktari kaileta ile karatasi, kaiweka juu ya cherehani yangu, akasema yeye ni mpangaji na anaomba tu nimwekee kitasa kipya. Kanisimulia kila kitu. Nimemsamehe, ila kitasa atanunua mwenyewe.

Yule mwenye duka la vifaa vya shule, aliyenicheka na kamba yangu, kaja kukaa kwenye benchi letu la matofali. Kakaa, kakaa, mwishowe akaniuliza nani ametufanyia hii hewa. Nikamwambia ni ndugu yangu, fundi wa majengo. Akauliza anapatikana wapi, maana kwake watoto wa shule wanazimia kwenye foleni. Na jirani yake mwenye duka la simu kauliza hivyohivyo. Si watu wenye pesa za kiyoyozi, Barafu. Ni watu wenye bati, uzi na mwashi. Wanahitaji mtu wa kuwaambia watoboe wapi na wasitoboe wapi, kabla hawajaharibu kama nilivyotaka kuharibu mimi. Kuna mtu wa kupanda, mwashi yupo. Anayekosekana ni wa kukaa chini na kufikiri.

Kinyozi naye karudi. Kasikia. Anataka chumba chake, na pango la miezi mitatu mkononi. Nimemwambia kimeshachukuliwa. Akauliza na nani, nikamwambia si kazi yake.

Mvua zimeanza leo asubuhi. Muda ulionipa umeisha. Sema sasa unachotaka, nami sitagombana nawe. Ukisema tuuze, karatasi iko hapa na kalamu iko hapa.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Chana hiyo karatasi.

Wifi yako ameanza kufunga mizigo kabla sijamaliza kukusomea, yaani kumsomea barua yako. Ona sasa, nachanganya hata maneno. Anasema amechoka kunitazama natazama dari.

Nitakuja. Lakini chumba nakipanga, sipewi. Nitalipa kama Daktari na Mama Pacha, na nikichelewa unipige maneno kama unavyowapiga wao. Mwambie mwenye duka la vifaa vya shule asitoboe kitu mpaka nifike, na aanze kupita na uzi.

Jambo moja nakuomba, na usinibishie. Pale mbele mlangoni kuna zile ngazi tatu. Nazikumbuka, ya kati imevunjika ukingo. Nikifika, usimtume mtu kunishika mkono. Wala wewe. Nitazipanda mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima, na nyinyi mwingie ndani mjifanye mna kazi. Sitaki kuanza kazi mtaa ule watu wakiwa wameniona nabebwa mlangoni.

Barafu


21 Aprili

Barafu,

Barua yako imenikuta nimeshachafuka saruji. Ngazi hazipo. Nilizivunja siku ileile nilipopata barua yako ya habari ya mguu, sikukuambia kwa sababu ungegoma. Mwashi amemwaga mteremko kutoka barabarani hadi vyumba vyote vinne, tumetumia kifusi cha ngazi zenyewe na mawe ya uani. Maji ya mvua yanayoshuka nayo tumeyapa njia yaende kwenye mti wa jirani, maana ndio unaotupa kivuli.

Usijidhanie ni kwa ajili yako peke yako. Mama Pacha ana wateja wenye vigari vya watoto, Daktari anaingiza maboksi kwa toroli, na bibi mmoja anayenunua dawa za presha jana ameingia mwenyewe, bila kuitisha mtu amshike. Alisimama katikati ya duka akacheka tu.

Mlangoni hakutakuwa na mtu wa kukushika, kama ulivyotaka. Nitakuwa ndani na kazi yangu, tena sijifanyi, nina sare za watu za kumaliza. Wewe ingia.

Saruji imeshakauka.

Dada yako